Udongo wa Haltom City

Haltom City, Texas
2 Machi 2025

Mzee mwenzangu Abdulghafur,

Nakusalimu wewe na nyumba yako, na nakutakia mfungo mwema. Najua barua ya wino inakuchekesha. Lakini ni wewe uliyeniambia, tulipokuwa tukiishi mlango kwa mlango kule Alief, Houston, kwamba mtu asiyesikia asione haya kuandika. Sikio la kulia liliniharibikia Uvira, Kongo, bomu lilipoanguka karibu na shule niliyokuwa nikifundisha. La kushoto limekufa hapa Texas, polepole, bila kuaga. Sasa naishi kwa macho, kwa pua, na kwa barua zako.

Nina ombi, na najua litakuudhi. Orpa, mke wa mwanangu Heritier, anakuja Houston Jumamosi kwenye kilio cha mtu wa kanisa letu. Atapita kwako na mbwa. Ni mtoto wa mbwa, hajafika goti. Orpa anasema alimkuta nyuma ya pipa kubwa la taka la hapa kwenye fleti zetu, ana waya shingoni. Mimi nimemwona mara moja tu, amefungwa taulo ndani ya gari, na harufu yake ilinifanya nishike ukuta.

Nilimuuliza kwa nini asimpeleke kwa daktari wa karibu, maana madaktari wa wanyama Fort Worth wamejaa kama makanisa. Aliniandikia kwenye kile kibao changu: "Tasnim ni mtu wetu." Sikuendelea kumhoji. Tafadhali msihi binti yako amwangalie.

Kwetu wazima. Heritier bado yuko ghala la Mesquite. Wezi waliotambaa chini ya gari lake na kulikata bomba la moshi hawajapatikana, na tangu hapo halali vizuri, anasimama dirishani. Juni ataitwa kwenye mahojiano ya uraia. Mimi ndiye ninayemuuliza yale maswali, naye ananiandikia majibu, na hakosi. Pilipili zangu, nilizozilaza ndani dirishani baridi yote, zimezaa kama hazijui ziko ugenini.

Wako,
Godefroid


Sugar Land
11 Machi 2025

Mwalimu,

Sikufichi: Orpa alipofungua mlango wa gari, nilirudi ndani ya nyumba. Mswahili wa Mombasa, mtu mzima, nimefunga, nina udhu wangu wa alasiri, naletewa mbwa. Na afadhali angekuwa mbwa. Ulikuwa uozo wenye miguu minne.

Nitakueleza ulichoniletea, maana sioni kwa nini nikibebe peke yangu. Ule ni waya wa kutundikia nguo. Alifungwa akiwa mdogo zaidi, kisha akakua, waya haukukua. Nyama ilikuwa imeufunika. Tasnim alipopasua ili autoe, usaha ulitoka na mabuu, weupe, wanene, wanajinyonganyonga kama wali uliopata uhai. Sijala wali tangu siku hiyo. Nafuturu kwa tende na uji, mke wangu Mwatime ananitazama kama mtu aliyeolewa na mgonjwa.

Macho ya mnyama hayawezi kufunguka penye mwanga. Kucha za mbele zimevunjika. Na ufizi wake wote umeungua, umechubuka, ulimi umetoka ngozi. Tasnim anasema si moto na si dawa ya kufulia, na hajui ni nini. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, kwa hiyo nakutafsiria: huyu hakuwa mbwa wa mtaani. Mbwa wa mtaani amezoea jua. Huyu alifungiwa mahali, na anataka kujua wapi, kwa sababu jambo kama hili yeye huliripoti.

Unajua, miaka yote hii niliwaambia jamaa zangu wa Mombasa kwamba Tasnim ni daktari, sikumalizia ni daktari wa nani. Juzi nilimwona amepiga magoti sakafuni, anamwosha kidonda yule mnyama kwa kitambaa, bila kukunja uso. Nikaona haya, lakini sikumkaribia.

Pale zahanati yake mbwa wengine wakibweka huyu anajikojolea. Kwa hiyo amewekwa gereji kwangu, taa hafifu, godoro la mtoto. Kila akinigusa na pua nanawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani. Nimenunua mfuko mzima wa udongo kwenye duka la bustani. Mweusi, laini, safi kabisa.

Niambie, Mwalimu, wewe umesoma vitabu vingi. Mtu aliyefanya hivi anakula wapi? Nani anamkaribisha mezani kwake?

Abdulghafur


Haltom City
20 Machi 2025

Mzee mwenzangu,

Barua yako niliisoma mezani, na chakula kikanishinda. Nilimpa Heritier naye aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaandika kwenye kibao: "Watu wa hapa hawana huruma." Kisha akaendelea kula.

Nami nimekasirika na watu wa hapa. Ukipita ile njia ya nyuma utaona viti vizima vimetupwa, mikate haijafunguliwa, magodoro, na sasa kiumbe hai. Nilimuuliza Orpa lilikuwa pipa lipi. Alionyesha kwa mkono, upande wa barabara, akaingia kuoga. Siku hizi anachoka sana, anahudumia wazee wawili zamu kwa zamu.

Sasa nikupe habari njema. Heritier anasema mbwa akipona atamfuata mwenyewe amlete nyumbani. Anasema nyumba yetu inahitaji mlinzi. Sikudhani ana moyo huo. Alipokuwa mdogo kwenye kambi ya wakimbizi alikuwa anaogopa hata kuku.

Nakutumia chupa ya pilipili kwa ajili ya Idi, nimezisaga mwenyewe na limau. Ni za mwisho. Tangu Januari mtu anazichuma mpaka zile mbichi. Namshuku Heritier. Alikuwa hazigusi kabisa, na sasa naona amekuwa mwanaume.

Msalimie Mwatime. Mwambie ajaribu kukupa viazi.

Godefroid


Sugar Land
2 Aprili 2025

Mwalimu,

Idi ilipita. Kabla ya mengine, cheka kwanza. Tasnim alikuta ule mfuko wangu wa udongo karibu na sinki la gereji, akausoma kwa nyuma, akaketi chini kwa kicheko. Umechanganywa na mavi ya kuku. Karibu mwezi mzima wa Ramadhani nimekuwa nikijitakasa kwa mavi! Mwatime hajaniacha. Kila nikiingia jikoni ananiuliza, "Leo umejipaka ya kuku au ya ng'ombe?" Nilirudia kuoga mpaka maji ya moto yakaisha.

Umemaliza kucheka? Sasa nisikilize.

Siku ya Idi jikoni wanawake walijaa, kwa hiyo niliifungulia chupa yako gereji, kwenye meza ya kukunja. Mnyama alikuwa amelala kwenye godoro lake. Amepata nafuu, kidonda kimefunga, alikuwa ameanza kuwafuata watu kwa macho. Nilipogeuza kifuniko harufu ikatoka. Ilikuwa harufu nzuri, Mwalimu, harufu ya nyumbani. Yule mnyama alianguka. Hakukimbia. Alilala ubavu, akajikojolea, akafunga mdomo kwa nguvu mpaka ufizi ukatoka damu, akageuza uso ukutani akasubiri.

Nimekuwa mtu mzima muda mrefu, na sijawahi kuona mnyama anasubiri vile.

Tasnim hajui maana yake. Mmarekani hajui maana yake. Mimi najua. Nilipokuwa kijana nikifanya kazi kwenye magodauni ya Shimanzi, walinzi walikuwa na desturi yao. Ukitaka mbwa mkali, mchukue mdogo, mfungie gizani, mlishe pilipili, asimwone mtu ila yule anayemuumiza. Siku ukimfungua atararua kila kitu. Ndivyo walivyosema. Tulipita tukiziba pua, tukidhani ni ufundi.

Hilo jambo haliletwi na mtu aliyezaliwa Texas.

Nakuuliza swali moja, na ukinijibu kwa hasira nitakuelewa. Kile chumba chenu kidogo cha tangi la maji ya moto, ambacho uliniambia kimepakana na kitanda chako, nani ana ufunguo wake?

Abdulghafur


Haltom City
8/4/2025

Papa Abdul,

Nakusalimia na heshima yote. Ni mimi Orpa. Unisamehe kama sijui kuandika sawa Papa Godefroid.

Barua yako ilifika wakati Papa iko kwa kanisa. Nilifungua. Niliificha chini ya godoro yangu. Papa hajaisoma.

Hakuna pipa. Mbwa ilikuwa mu kile chumba. Heritier aliinunua kwa parking kwa mtu mmoja, juu ya wale wezi. Miye nikamwambia acha, akaniambia mwanamuke usiingie mu mambo ya ulinzi. Nilikuwa nasikia ile mbwa inalia usiku mzima na nikifika kazini niko nasikia bado. Siku yenye hakulia ndiyo siku niliichukua, nikasema imekufa, nitupe. Ilipumua mu taulo. Kwa daktari wa hapa wangeita polisi, basi nikakuja kwenu.

Papa Abdul, nakuomba kitu mbili. Ya kwanza, usiseme kitu mpaka Juni, mpaka ile interview ipite. Unajua mwaka huu vile watu wanarudishwa kwao. Nina watoto tatu. Ya pili, usirudishe ile mbwa hata Heritier akuje na machozi.

Najua hizi mbili hazikai pamoja. Ndivyo niko.

Orpa


Haltom City
17 Aprili 2025

Mzee mwenzangu,

Umenyamaza. Pilipili zilikuwa kali mno? Au ni yale maneno yangu kuhusu viazi?

Heritier anasema Jumamosi ya tarehe 26 atakuja Houston kumchukua "mbwa wake". Ndivyo alivyoandika, "wake". Nilimwambia aliyeokotwa si wa mtu. Alinipapasa bega akatabasamu, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Niliufuata kwa kusoma midomo. Alishukuru Mungu anayezilinda nyumba za watu wake. Watu walipiga makofi, nami nikapiga.

Niandikie, hata mstari mmoja. Nyumba hii kila mtu ananionyesha meno na sijui kinachosemwa.

Godefroid


Haltom City
19 Avril 2025

Mzee Abdul,

Shikamoo. Nakuandikia karatasi juu Tasnim ame-block namba yangu. Si adabu hiyo lakini nime-forgive.

Najua Orpa aliwaambia. Wanawake ni vile. Mimi si mtu mbaya, Mzee. Niliibiwa mara mbili, polisi walikuja wakaandika, wakaenda. Nani atalinda watoto wangu, ile karatasi ya polisi? Kambini tuliona walinzi wanafanya mbwa hivyo hivyo, na hakuna mtu aliitwa mbele ya judge. Mbwa ni mbwa. Wewe mwenyewe dini yako inamwita uchafu, halafu leo unamlaza kwa godoro? Mwanaume wa msikiti? Watu wa Sugar Land wakijua watacheka mpaka Mombasa.

Niliinunua, ni yangu. Nita-come Jumamosi. Papa hajui kitu na ni mgonjwa wa masikio, usimsumbue na umri wake. Sisi tumekuwa familia tangu Alief, tusiharibiane kwa ajili ya mnyama.

Mungu akubariki,
Heritier


Sugar Land
23 Aprili 2025

Mwalimu,

Anayekukabidhi barua hii ni Kwamboka, nesi wa ile kliniki yako ya masikio. Baba yake na mimi tulikuwa tukiendesha teksi pamoja. Nimemwomba akupe mkononi, asimpe mtu mwingine, kwa sababu barua yangu ya tarehe 2 haikukufikia. Nakala yake iko nyuma ya hii, pamoja na ya Orpa na ya mwanao. Zisome kwanza, mimi nitangoja hapa chini.

Sasa umezisoma.

Ya Heritier niliisoma nimesimama, kisha nikaenda kunawa mikono, na sikuwa nimegusa mbwa. Si ukatili wenyewe ulionitia kinyaa, maana ukatili nimeuona. Ni ile "Mungu akubariki". Ni kunikumbusha dini yangu kama mtu anayeniazima kitambaa cha kufutia mikono yake. Na kibaya zaidi, Mwalimu, alinipata pahali. Kweli nilimwita uozo. Kweli nilirudi ndani ya nyumba.

Hatutamrudisha yule mnyama. Heritier akija Jumamosi, atanikuta mlangoni, na Mwatime nyuma yangu, na Mwatime unamjua.

Lakini liko la pili. Tasnim anajua sasa, nimemtafsiria barua zote. Anataka kupeleka ripoti. Nimemwomba angoje. Amenijibu, safari hii kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi: "Baba, tunamngoja nani?" Nikamwambia tunakungoja wewe. Heritier ni mwanao, uraia ni wake, wajukuu ni wako, na wewe unalala chini ya paa lake. Ukisema tunyamaze mpaka Juni, nitambembeleza binti yangu kwa nguvu zangu zote, wala sitakutupa. Sijui kama nitaweza kukuandikia tena kama zamani. Hilo nakuambia mapema ili lisije likakushtua.

Abdulghafur


Haltom City
29 Aprili 2025

Ndugu yangu Abdulghafur,

Kwamboka alinikuta kwenye benchi la kliniki. Nilisoma zote nne hapo hapo, na yeye akakaa pembeni bila kunishika, namshukuru kwa hilo.

Niliporudi nyumbani Heritier alikuwa ghala na Orpa alikuwa kazini. Ufunguo wa kile chumba uko juu ya fremu ya mlango, hata haukufichwa. Nilifungua. Mlango kwa ndani umekwaruzwa kuanzia chini mpaka kimo cha goti langu, rangi yote imetoka, mbao imekuwa nyeupe na ina damu kavu kwenye nyuzi zake. Ukuta wa chumba hicho ndio ninaoegemezea kichwa nikilala. Nimeegemea hapo miezi, nikidhani harufu ya klorini ni ya kufulia, nikisoma Zaburi.

Na ndani kulikuwa na mbwa mwingine.

Wa kahawia, ana doa jeupe kifuani. Bado mzima, bado anatikisa mkia. Alikuwa na kamba ya kiatu shingoni. Mbele yake sahani ya uji mwekundu. Nilichovya kidole nikaonja. Ni pilipili zangu, Abdulghafur. Nazijua kama mwandiko wangu.

Nilimtoa, nikampa maji, nikamweka mapajani mwangu, nikangoja kwenye kiti cha sebuleni mpaka Heritier alipoingia. Hakushtuka. Alichukua kibao akakaa mbele yangu kama tunajifunza maswali ya uraia.

Akaandika: "Papa, ni mbwa."

Nikamwambia, "Naona."

Akaandika: "Wa kwanza nilikosea, waya ulikuwa mbaya. Huyu nafanya vizuri."

Nilimuuliza kwa nini chumba kile. Fleti ina stoo, ina kabati la koti, ina gari. Kwa nini ukutani kwangu? Aliandika upesi, bila haya, kama jibu analolijua:

"Juu wewe hausikii."

Nimefukuzwa Uvira, nimekula panya njiani, nimelala katika hema lililooza. Sijawahi kuchukizwa kama nilivyochukizwa na maneno yale matatu, kwa mwandiko ambao mimi niliufundisha. Mwanangu alitafuta ukuta mmoja nyumbani ambao nyuma yake hakuna mtu, akaupata, na nyuma yake nilikuwa mimi.

Akafuta, akaandika: "Juni, Papa. Unataka wanirudishe?" Aliniinulia kibao kwa mikono miwili, na hapo nilimwona yule mtoto aliyeogopa kuku. Usidhani sikumwona. Nampenda. Hilo halikubadilika, na ndilo linalonitia kichefuchefu zaidi, kwamba halikubadilika.

Nilimwambia, "Wakikuuliza pale Juni kama umewahi kufanya kosa ambalo hukukamatwa, utajibu nini?" Maana swali hilo limo, nimemuuliza mara nyingi, na kila mara aliandika "No" na mimi nikaweka alama ya vema.

Alikifuta kibao kwa mkono wa shati. Orpa aliingia, akaona mbwa mapajani kwangu, akavua viatu, akaketi sakafuni akalia. Nasema alilia kwa sababu nilimwona mabega.

Mwambie Tasnim apeleke ripoti. Aweke jina langu: Godefroid, baba wa mtuhumiwa, niliyeuona mlango. Nimempigia picha ya mlango kwa simu ya Orpa, ataileta. Orpa anakuja kesho na huyu wa kahawia. Watoto atakuja nao, na watakaa kwa dada yake Alief mpaka tujue.

Jumamosi hakuja kwenu, najua. Alikaa ndani ya gari lake uwanjani siku nzima. Nilimpelekea ugali. Alikula.

Halafu, nimeng'oa pilipili zote. Nilizitia kwenye mfuko wa taka nikaufunga. Udongo nimeubakiza. Nilipofika hapa sikujua kwamba Marekani udongo unauzwa dukani, kwa hiyo niliuchimba mwenyewe ukingoni mwa kile kijito chini ya daraja, nikaubeba kwa ndoo. Haujawahi kutiwa samadi. Nilikuwa naunywesha maji ya kuoshea mchele, basi. Nimeuchekecha kwa kitambaa, nimeutia kwenye kopo la maziwa ya unga, na Orpa atakupa.

Huu ni safi. Nawa nao.

Godefroid


Sugar Land
6 Septemba 2025

Mwalimu,

Barua yako ya Agosti nimeipata. Nafurahi chumba chako kipya kina dirisha la mashariki, na Kwamboka anapita Alhamisi. Orpa alitueleza uamuzi wa korti juu ya Heritier. Kifungo cha nje, kazi za jamii, haruhusiwi kufuga mnyama, na faili la uraia limewekwa kando, hakuna anayejua mpaka lini. Hajarudishwa. Hajakuandikia pia, unasema. Na kanisani wanasema umemuuza mwanao kwa mbwa. Hao hao waliopiga makofi. Sina neno la kukupa juu ya hilo, ila nikisikia nani amelisema mbele yangu, nitamtemea mate, na mimi si mtu wa kutema.

Yule wa kahawia alichukuliwa wiki ile ile, na familia yenye watoto na uwanja. Mzuri, hana alama.

Wa kwetu hakutakwa na mtu. Tasnim aliweka picha yake, wakaja, mmoja mmoja. Shingo yake haikuota manyoya, Mwalimu, kuna pete ya ngozi ya waridi inayong'aa, kama mdomo uliofungwa. Wanaiona, wanakunja pua. Mama mmoja alisema ni maskini, ni maskini sana, huku anamvuta mkono binti yake asimguse. Mwingine alitaka kujua kama shingo inaweza kufunikwa kwa skafu wakati wa picha. Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti changu cha plastiki. Hata mimi siku ya kwanza niliikunja pua.

Kisha alikuja bwana mmoja, ana gari kubwa, mikono imejaa tatuu, anaishi huko Katy. Hakuikunja pua. Alichuchumaa akaitazama ile alama kwa furaha. Akaniuliza, "Ana historia ya kupigana? Ni mkali?" Nikasema hapana, anaogopa hata harufu ya kachumbari. Akacheka, akasema, "Hilo linarekebishika. Kuna njia."

Alisema "kuna njia", na alizaliwa hapa hapa Texas. Kwa hiyo lile nililokuandikia, kwamba jambo hilo haliletwi na mtu wa hapa, nalifuta.

Nilisimama. Nikamwambia, "Samahani, bwana, huyu keshachukuliwa." Tasnim alinigeukia. Yule bwana akauliza amechukuliwa na nani. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Na mimi." Mwatime alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, likamponyoka.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nimetia saini. Jina lake Sabuni, Mwatime alimpa, kwa jinsi ninavyoimaliza. Hakai ndani, nimemjengea kibanda uani, hakina mlango. Hilo Tasnim alilisisitiza, kisiwe na mlango wowote. Wazee wawili wa msikitini wameniuliza kwa upole. Niliwajibu kwa upole kwamba ni mlinzi, na ulinzi unaruhusiwa. Mlinzi! Juzi kindi alimfukuza mpaka chini ya meza.

Sitakudanganya kwamba kinyaa kimeniisha. Pua yake ni ya baridi na imelowa, mate yananinginia, na akila anatoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Kila asubuhi anakuja kunisukuma kiganja kwa pua ile, na kila asubuhi mwili wangu unasisimka. Lakini siuondoi mkono. Namwacha amalize, ndipo nakwenda bombani.

Udongo wako umebaki robo kopo. Kwamboka anasema anashuka Houston mwisho wa mwezi na gari lina nafasi. Njoo na ndoo.

Abdulghafur